Ndege Ndani ya Ndege: Mapishi ya Fahari na Mafunzo Yake kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mchele ni mmoja, mapishi ndiyo mbalimbali. Makala haya yanahusu hali iliyo kinyume cha methali hiyo: mapishi ni mamoja, bali vinavyopikwa ni vingi, tena vimefichwa kimoja ndani ya kingine. Tunazungumzia mapishi ya kifahari ambapo ndege mdogo hutiwa ndani ya ndege mkubwa kuliko yeye, naye huyo hutiwa ndani ya aliye mkubwa zaidi, hadi mezani panapoletwa kiwiliwili kimoja kilichobeba ndege watatu, watano, au hata kumi na saba.

Yamkini msomaji atauliza: mambo ya jikoni yanahusiana vipi na taaluma ya Kiswahili? Yanahusiana kwa njia tatu. Kwanza, chakula cha karamu ni aina ya lugha. Humwambia mgeni ni nani aliye mwenyeji wake, na humwambia mgeni huyo nafasi yake mwenyewe. Katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya, kwa mfano, firigisi ya kuku ni haki ya mwenye nyumba, na anayemwandalia mtu mwingine sehemu hiyo amekwisha kutoa kauli nzito bila ya kufungua kinywa. Pili, mapishi haya yana muundo ambao mwanaisimu na mhakiki wa fasihi wataufahamu mara moja, yaani kitu kuchopekwa ndani ya kitu cha aina yake. Tatu, mapishi haya yameandikwa katika fasihi za mataifa mengine tangu kale, na mfasiri yeyote wa Kiswahili anayethubutu kuzileta fasihi hizo kwetu hana budi kukabiliana nayo.

Nguruwe wa Troya: Karamu za Roma

Ushahidi wa kale wa ujazaji wa namna hii unatoka Roma. Mwandishi Macrobius, aliyeishi katika karne ya 5 B.K., anaeleza kwamba Warumi wa zamani walikuwa na mlo walioupa jina la nguruwe wa Troya. Nguruwe mzima alijazwa wanyama wengine tumboni mwake, na jina likatokana na kisa cha farasi wa mbao ambaye Wayunani walijificha ndani yake ili wauteke mji wa Troya. Hapa pana jambo la kuzingatiwa na mwanafasihi: mpishi alipika, lakini aliyeukamilisha mlo ni mtu aliyeupa jina kwa kurejelea utenzi. Mwanahakiki wa leo angeuita mwingilianomatini.

Ubadhirifu huo haukupita bila kupingwa. Mwaka 161 K.K. ilipitishwa sheria ya Fannius iliyoweka mipaka ya gharama za karamu, na aliyeitetea sheria hiyo alimtaja nguruwe wa Troya kama mfano wa kuharibika kwa maadili ya zama zake. Kwa mujibu wa Pliny Mkubwa, sheria hiyo ilikataza kuandaliwa kwa ndege yeyote isipokuwa kuku mmoja tu, tena asiyenoneshwa. Pliny anaendelea kusema kwamba walaji walipata mwanya upesi: sheria ilitaja kuku jike, basi wao wakaanza kunonesha majogoo kwa vyakula vilivyolowekwa katika maziwa. Kumbe ujanja wa kuisoma sheria neno kwa neno ili kuikwepa haukuanza leo.

Mfano ulio maarufu zaidi katika fasihi ni ule wa Petronius, katika kitabu cha Satyricon cha karne ya 1 B.K. Mhusika wake Trimalchio alikuwa mtumwa. Baadaye akapewa uhuru na kupata utajiri usio na kifani. Katika karamu yake analetwa nguruwe mwitu mzima aliyevishwa kofia ya watumwa walioachwa huru. Mtu aliyevaa kama mwindaji anamchoma kisu ubavuni, na ndege walio hai wanaruka kutoka ndani ya tumbo lake na kuzagaa ukumbini. Wategaji waliokwisha kuwekwa tayari na mianzi yao wanawakamata, na kila mgeni anapewa ndege wake. Mapema katika karamu iyo hiyo, wageni wanapewa mayai yaliyosemekana kuwa ya tausi. Msimuliaji anakaribia kulitupa lake akidhani limekwisha kufanya kifaranga. Anapochunguza anagundua kwamba ganda ni unga uliookwa, na ndani mna ndege mdogo aliyenona, amezungukwa na kiini cha yai kilichotiwa pilipili manga.

Msomaji anaweza kucheka, na Petronius alikusudia acheke. Hata hivyo, kicheko hicho kina uchungu ndani yake. Kofia iliyo kichwani mwa nguruwe ni kofia ya mtu aliyekuwa mali ya mtu mwingine. Ndege wanaotoka tumboni wanapata uhuru wa dakika chache, kisha wanakamatwa na kugawiwa. Trimalchio mwenyewe ametoka utumwani, na karamu yake nzima ni juhudi ya kuwathibitishia wageni kwamba kweli ametoka. Hivyo basi, ndege ndani ya mnyama katika matini hii ni ishara inayobeba dhamira. Mfasiri atakayelifupisha tukio hili kwa kusema kwamba wageni walikula nyama ya nguruwe na ndege atakuwa ameiacha hadithi nje ya mlango.

Misri, Uingereza na Ufaransa

Mapishi ya aina hii hayakuwa ya Ulaya pekee. Daktari na mwanachuoni Abd al-Latif wa Baghdad (1162–1231), aliyeizuru Misri na kuandika kuhusu nchi hiyo, ameeleza matayarisho ya andazi kubwa la ajabu. Ulichukuliwa unga wa ratili 30, ukakandwa kwa mafuta ya ufuta, na sehemu yake ikatandazwa kwenye sinia pana la shaba. Juu yake walipangwa wanakondoo watatu wa kuoka waliojazwa nyama ya kusaga iliyokolezwa viungo, pamoja na kuku, vifaranga na ndege wengine wadogo, baadhi yao wakiwa nao wamejazwa mayai au nyama. Kisha kila kitu kilifunikwa kwa unga uliosalia na kuokwa. Abd al-Latif anaeleza kwamba chakula hicho kiliwafaa wafalme na matajiri walipokwenda mawindoni, kwani kilikuwa karamu kamili iliyofungwa katika mzigo mmoja.

Huko Uingereza, Hannah Glasse alichapisha mwaka 1747 kitabu cha mapishi kilichosomwa sana katika karne yake. Kitabu hicho kina maelezo ya andazi la Krismasi la jimbo la Yorkshire. Ndege watano hutolewa mifupa: bata mzinga, bata bukini, kuku, kwale na njiwa. Njiwa huingizwa ndani ya kwale, kwale ndani ya kuku, kuku ndani ya bata bukini, na bata bukini ndani ya bata mzinga. Pembeni huongezwa nyama ya sungura mwitu na ndege wa porini, halafu vyote hufunikwa kwa ganda nene la unga na kuokwa kwa muda usiopungua saa nne. Glasse anahimiza kuta za ganda ziwe imara kwa sababu maandazi hayo aghalabu yalipakiwa na kusafirishwa hadi London kama zawadi. Kwa maneno mengine, ganda lile lilikuwa sanduku kabla ya kuwa chakula.

Kilele cha mapishi haya kilifikiwa, angalau katika maandishi, nchini Ufaransa. Grimod de la Reynière (1758–1837) ni miongoni mwa watu wa kwanza kuufanya uhakiki wa chakula kuwa kazi ya kalamu. Mwaka 1807 alichapisha maelezo ya mchomo alioupa jina lenye maana ya mchomo usio na kifani. Ndege wake ni kumi na saba. Wa nje kabisa ni tandawala mkubwa wa Ulaya. Ndani yake mna bata mzinga. Ndani ya huyo, bata bukini. Kisha fezanti, kuku, bata, kanga, bata mdogo wa mwituni, ndege wa msituni mwenye mdomo mrefu, kwale, ndege wawili wa vinamasi wakifuatana, tombo, ndege mwimbaji wa vichakani, kipozamataza, otolani, na mwisho kabisa ndege mdogo wa bustanini ambaye Wafaransa walimpa jina la mla tini. Tumboni mwa huyo wa mwisho hutiwa zeituni moja iliyojazwa samaki mdogo wa chumvi.

Tandawala dume wa Ulaya anaweza kuzidi kilo 10. Mla tini ana uzito wa gramu 20 hivi. Orodha hiyo yaweza kusomwa kama maelekezo ya upishi, na yaweza pia kusomwa kama tashtiti. Ufaransa ilikuwa imetoka katika mapinduzi yaliyoufuta ukabaila, na sasa ilikuwa chini ya Mfalme Mkuu Napoleon aliyekuwa akigawa vyeo upya. Ndege kumi na saba waliopangwa kwa ukubwa, kila mmoja akimmeza aliye chini yake, ni picha ambayo msomaji wa wakati huo hakuhitaji kufafanuliwa.

Marekani na Neno Jipya

Katika zama zetu, mlo wa aina hii unaojulikana zaidi ni ule wa Marekani uitwao turducken: kuku ndani ya bata, bata ndani ya bata mzinga. Chimbuko lake la karibu ni jimbo la Louisiana. Mpishi mashuhuri Paul Prudhomme (1940–2015) alidai kuwa ndiye aliyeubuni, akalisajili jina lake kama alama ya biashara mwaka 1986, na maelezo yake yakatoka katika kitabu cha mapishi cha familia yake mwaka 1987. Duka la nyama la Hebert's katika mji wa Maurice, jimboni humo, nalo hudai kwamba liliuandaa mwaka 1985. Katika miaka ya 1990 mtangazaji wa mpira wa Kimarekani, John Madden, aliusifu katika matangazo ya televisheni ya Siku ya Shukrani, na umaarufu wake ukaenea nchi nzima.

Jina hili ni hazina kwa mwanafunzi wa mofolojia. Limeundwa kwa njia ya uhulutishaji, njia ile ile iliyotupa chajio kutokana na chakula cha jioni, na chamcha kutokana na chakula cha mchana. Majina matatu ya Kiingereza yamebanwa kuwa moja: bata mzinga amebakiwa na mwanzo wake tu, kuku amebakiwa na mwisho wake tu, na bata aliye katikati amesalia mzima. Hulka ya mlo imehamia katika neno.

Je, Kiswahili kifanyeje? Hapa pana mitego. Kwa Kiswahili, ndege wawili kati ya hao watatu huitwa bata, ilhali bata mzinga si bata hata kidogo. Jina la ndege huyu limewatatiza watu wengi. Asili yake ni bara la Amerika, lakini Waingereza walimwita kwa jina la Uturuki, na Wafaransa wakamwita kwa jina lenye maana ya ndege wa India. Bata bukini naye amebeba katika jina lake kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska. Kila lugha imemsukumia mbali mgeni asiyejulikana atokako.

Tukifuata uhulutishaji, tunaweza kuunda neno kama mzibaku kutokana na mzinga, bata na kuku. Linatamkika, linafuata muundo wa silabi za Kiswahili, na lina ucheshi unaostahili kitu chenyewe. Udhaifu wake ni kwamba halijifafanui. Njia ya pili ni kueleza: bata mzinga aliyejazwa bata aliyejazwa kuku. Njia hii ni ndefu lakini ina fadhila moja kubwa. Katika kirai hiki kishazi rejeshi kimoja kimechopekwa ndani ya kingine, kama vile kuku alivyochopekwa ndani ya bata. Sintaksia imeiga upishi. Aidha, nomino kuu hutangulia, hivyo msikilizaji hukutana kwanza na ndege wa nje, kisha huingia ndani hatua kwa hatua, sawa na kisu cha mkataji. Tukisema kuku ndani ya bata ndani ya bata mzinga, tunaanzia kitovuni na kutoka nje, kama mpishi anayepanga ndege zake. Lugha yetu ina njia ya mpishi na njia ya mlaji, na mfasiri achague kwa kuzingatia ni nani anayetazama.

Jambo hili linaweza kutumiwa darasani. Wanaisimu hutufundisha kwamba uchopekaji hauna kikomo: sarufi inaruhusu kishazi ndani ya kishazi bila ya mwisho. Hata hivyo, sentensi ya vishazi rejeshi kumi na saba haieleweki, ingawa hakuna kanuni iliyovunjwa. Sarufi inakubali, masikio yanakataa. Mchomo wa Grimod nao ni vivyo hivyo: maandishi yanaukubali, moto unaukataa. Tuangalie kwa nini.

Ufundi na Hatari Zake

Kazi ngumu katika mapishi haya ni kutoa mifupa. Ndege hupasuliwa mgongoni kwa kisu chembamba, na nyama huchambuliwa kutoka katika mifupa pasipo kuitoboa ngozi. Ndege wa ndani hutolewa mifupa yote. Wa nje huachiwa mifupa ya mabawa na ya miguu ili apate kurudia umbo lake na mlaji asishuku kitu. Kati ya ndege na ndege hutandazwa vijazio, kwa mfano mkate wa mahindi uliovurugwa pamoja na soseji na viungo. Kisha ndege wa nje hushonwa kwa uzi na kuokwa kwa moto mdogo kwa saa nyingi. Mlo wa ndege watatu huweza kuchukua saa nane au zaidi. Ukisha kukatwa, kila kipande huonyesha ndege wote watatu kwa tabaka, mithili ya miviringo ya gogo la mti.

Hatari imejificha katikati. Joto huingia kutoka nje, na kadiri nyama inavyokuwa nene ndivyo kitovu kinavyochelewa kupata moto. Bakteria wanaosababisha magonjwa ya tumbo huzaana kwa kasi katika joto la kati ya nyuzi 4 na 60 za selisiasi. Kuku, ambaye mara nyingi hubeba bakteria hao, ndiye aliye ndani kabisa, mahali panapokaa kwa muda mrefu zaidi katika joto hilo. Kwa sababu hiyo Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri kwamba kitovu cha nyama ya ndege, pamoja na kijazio chake, kifikie nyuzi 74 kabla ya kuliwa. Kuiva kwa ngozi ya nje si ushahidi wa kuiva kwa nyama ya ndani.

Si kila ujazaji wa ndege hata hivyo ni wa fahari. Kaskazini mwa Greenland, Wainuiti huandaa chakula kiitwacho kiviak. Ndege wadogo wa baharini, pengine 400 au 500, huingizwa wazima pamoja na manyoya yao ndani ya ngozi ya sili iliyoachwa na mafuta yake. Hewa hutolewa, ngozi hushonwa na kupakwa mafuta, kisha hufukiwa chini ya mawe kwa muda wa miezi mitatu hivi hadi ndege wachachuke. Chakula hiki huliwa wakati wa baridi na giza, mawindo yanapoadimika, na pia katika sherehe. Hapa kitu kimetiwa ndani ya kitu ili watu waishi hadi msimu ujao. Akiba haiozi, na hii ni akiba inayooza kwa makusudi na kwa ujuzi. Ujuzi huo una masharti: mwaka 2013 watu kadhaa wa kijiji cha Siorapaluk walifariki baada ya kula kiviak iliyotengenezwa kwa ndege wa aina nyingine, ambaye hachachuki sawasawa.

Kuna hasara nyingine isiyompata mlaji. Katika orodha ya Grimod, tandawala wa Ulaya alitoweka kabisa Uingereza katika karne ya 19, ndege wa mwisho akisemekana kuuawa mwaka 1832, na ilibidi juhudi za kumrejesha zianze mwaka 2004. Otolani alipendwa mno na walaji wa Ufaransa hata idadi yake ikapungua, na tangu mwaka 1999 uwindaji wake umepigwa marufuku nchini humo. Ukiyasoma mapishi ya mwaka 1807 leo, unasoma pia orodha ya waliopotea na wanaopotea.

Kitu Ndani ya Kitu: Fasihi ya Kiswahili

Fasihi yetu haina nguruwe wa Troya, lakini inaufahamu vyema ujazaji. Katika Kusadikika, Shaaban Robert anamweka Karama kizimbani, na ndani ya utetezi wa Karama anaweka visa vya wajumbe waliotumwa katika nchi za jirani. Mahakama ndiyo ndege wa nje, visa vya wajumbe ndivyo nyama ya ndani. Msomaji anayetosheka na kesi bila ya kufika katika visa hivyo amekula ngozi tu.

Mfano ulio karibu zaidi na mada yetu umo katika kisa cha Fumo Liyongo, kama kilivyotungwa na Muhamadi Kijumwa katika utendi wake wa mwaka 1913. Liyongo yumo kifungoni. Mamaye anaoka mikate mizuri pamoja na mkate mmoja wa wishwa, na ndani ya huo wa wishwa anaficha tupa. Kijakazi Saada anapofika mlangoni, walinzi wanajitwalia chakula kizuri na kumwachia mfungwa kile cha wishwa. Kwa tupa hiyo Liyongo anakata minyororo yake.

Tulinganishe karamu hizi mbili. Trimalchio anatengeneza ganda la kustaajabisha, na ndani anatia mzaha. Mama Liyongo anatengeneza ganda la kudharauliwa, na ndani anatia uhuru wa mwanawe. Trimalchio anataka kila jicho litazame. Mama Liyongo anataka kila jicho lipite. Tena hila yake inafaulu kwa sababu anaijua tamaa ya walinzi: wanakula vilivyo vizuri, na hawana haja ya kujua kilichomo katika kibaya. Ndege wa Trimalchio wanaruka na kukamatwa tena. Liyongo anatoka asikamatwe.

Kuhusu fahari ya karamu zenyewe, mshairi wa Al-Inkishafi amekwisha kutoa hukumu. Anapoyazungumzia majumba ya Pate yaliyokuwa na taa, vyombo vya kaure na wageni wengi, anatuonyesha hali yake baada ya wenyewe kuondoka: vidaka vilivyopambwa kwa sahani vimekuwa malalo ya makinda ya ndege. Katika karamu za fahari, ndege huwekwa ndani ya chombo cha tajiri. Katika Al-Inkishafi tajiri amekwenda, na ndege wanakaa ndani ya nyumba yake bila ya kuombwa.

Majina Yanayopotea

Kabla ya kuhitimisha, kuna suala moja linalotuhusu sisi wanafunzi na wahadhiri moja kwa moja. Anayetaka kuifasiri orodha ya ndege kumi na saba atajikuta anaandika ndege mdogo hapa na ndege wa vinamasi pale. Si haki kumalizia lawama zote kwenye lugha. Kiswahili kina kwale, kanga, tombo, tandawala na kipozamataza. Maneno hayo yapo, na wazee wa pwani na wafugaji wa bara wana mengine mengi. Lakini ni wangapi miongoni mwetu, tuliokulia mijini na kusoma sayansi kwa Kiingereza, tunaoweza kuwatofautisha kwale na tombo kwa kuwaona? Kwetu sisi wote ni ndege tu.

Jina likikosekana midomoni, ndege mwenyewe huwa mwepesi wa kusahaulika. Jamaa wa yule tandawala aliyetoweka Uingereza anatembea hadi leo katika mbuga za Maasai Mara, lakini ni wachache wanaomwita kwa jina lake. Mla tini wa Grimod, ambaye kwa kawaida hutambuliwa kuwa yule ndege mdogo wa bustani za Ulaya, huikimbia baridi ya huko kila mwaka na kuja Afrika, Kenya ikiwemo. Kwa hiyo ndege aliyezikwa ndani ya ndege kumi na sita katika mchomo wa mwaka 1807 ni wa jamii inayotua katika vichaka vyetu kati ya Oktoba na Aprili, nasi hatuna hata jina la kumkaribishia mgeni huyo katika mazungumzo ya kila siku.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mapishi ya ndege ndani ya ndege si kioja cha kuchekesha tu. Ni ufundi wenye kanuni zake, historia yenye sheria na upinzani, na matini inayotangaza nani yuko juu ya nani. Yana gharama pia, kwa walaji na kwa ndege wenyewe. Kwa mfasiri, yanadai uangalifu wa maneno na wa mtazamo. Kwa mhakiki, yanatoa njia nyepesi ya kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza maana ya hadithi ndani ya hadithi.

Tunapendekeza mambo mawili. La kwanza, chama chetu kianzishe daftari la majina ya ndege ya Kiswahili, yakusanywe kutoka kwa wazee, wavuvi, wafugaji na waongoza watalii wakati wa likizo, kila jina pamoja na mahali liliposikika na maelezo ya ndege anayetajwa. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi; yahitaji kalamu na masikio. La pili, wanaofasiri fasihi za kigeni wasizipite karamu kwa haraka. Walinzi wa Liyongo waliupita mkate wa wishwa, na kila mmoja wetu anajua kilichokuwamo.